Kiroba cha Mjomba Beda

Mtu akiulizwa kama mizigo yake yote ameifunga kwa mikono yake mwenyewe, naye anajua kwamba nusu ya mizigo hiyo imefungwa na majirani, mashangazi na wajomba, ajibu nini?

Ndilo swali lililomkuta Tumwagile. Alisimama katikati ya sebule ya mjomba wake, Beda, mjini Mikumi, mkoba ukining'inia begani, akimkodolea macho binamu yake Happiness, ambaye mchana ule alikuwa amejipa cheo cha ofisa wa uwanja wa ndege. Happiness alikuwa amevaa miwani ya jua ya baba yake, amejitupia taulo la jikoni begani, na mkononi alishika mwiko wa ugali badala ya kile kifaa wanachowapitishia abiria mwilini.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, abiria. Mizigo hii umeifunga mwenyewe?"

"Mingine."

"Mingine! Hapa hakuna mingine. Ndiyo au hapana?"

"Sasa dagaa wa Mama Joyce nikawafunge mimi? Ameniletea wamefungwa tayari, wamezungushiwa utepe kama zawadi ya harusi. Nikiwafungua atasema nini?"

"Mama Joyce atakuwepo uwanja wa ndege?" Happiness akamgonga bega kwa mwiko. "Umekamatwa. Kaa pale chini, msubiri mbwa wa kunusa mizigo."

Wakacheka mpaka Happiness akalazimika kuvua ile miwani na kujifuta macho. Kilichowachekesha zaidi ni kwamba mwalimu mwenyewe, Happiness, alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alifanya kazi mapokezi katika loji moja ya watalii kando ya hifadhi, na mara kadhaa alikuwa amewasindikiza wageni hadi kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule ndani, akawaona wakipunga mikono na kupotea mawinguni. Yaliyobaki aliyasikia kwa wageni hao hao. Tumwagile, kwa upande wake, alikuwa mwaka wa tatu chuoni, Morogoro, akisomea kilimo, na alikuwa amechaguliwa kwenda China kwa mafunzo ya mbegu za mahindi. Katika ukoo wao, upande wa baba na upande wa mama, hakuna aliyekuwa amewahi kuiacha ardhi kwa namna yoyote isipokuwa kwa kupanda mti.

Hata hivyo swali lile lilimkaa. Kwao Kilosa, begi la msafiri halikuwa lake peke yake. Akisikika mtu anakwenda Dar es Salaam, watu walimletea vifurushi vya kuwapelekea ndugu zao: unga, karanga, sare ya mtoto, dawa ya kifua. Msafiri aliahidi kufikisha, na alifikisha. Hakuuliza kilichomo, wala hakufungua, kwa sababu kufungua kifurushi cha mtu ni kumwambia mtu huyo usoni kwamba humwamini. Desturi hiyo ilikuwa imewafaa kwenye basi kwa miaka yote. Tangu habari za China zilipoenea mtaani kwao, Magomeni ya pale pale Kilosa, watu walikuwa wakiileta kwenye ndege bila kubadilisha chochote. Mtu mmoja kutoka Chanzuru, ambaye Tumwagile hakuwahi kumwona, alikuwa ameleta kuku wa kukaushwa kwa ajili ya kijana wake anayesoma katika mji ambao, kwenye ramani, ulikuwa mbali na kule aendako Tumwagile kama Kilosa ilivyo mbali na Misri.

"Baba yako anakuja," Tumwagile akasema, akisikia mlango wa gari ukifungwa nje.

Mjomba Beda aliingia akiwa amekumbatia kiroba cheupe kifuani. Alikuwa mtu wa kifua kipana, mwenye sauti iliyokuwa ikitangulia mwili wake kuingia kila chumba. Aliwauzia mboga na vitunguu wapishi wa loji, na tangu baba yake Tumwagile alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mahali pake. Siku ya mahafali ya kidato cha sita wazazi waliitwa mbele, naye akapanda jukwaani na suti iliyombana, akapiga vigelegele mwenyewe, mwanamume mzima, watu wakaanguka kwa vicheko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mnafanya mchezo gani na miwani yangu?"

"Namfundisha mambo ya uwanja wa ndege, baba," Happiness akasema. "Amefeli. Ameshindwa kusema kama mizigo kaifunga mwenyewe."

"Afeli nini? Mtoto huyu Ulaya amefika mara ngapi?" Alikuwa akitania kijiji cha Ulaya, kilichopo kwenye njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa, ambako basi husimama watu wakanunua ndizi. "Aliyezoea Ulaya ataitetemekea China?"

Akaketi, akakiweka kiroba mbele ya miguu ya Tumwagile. Kilikuwa kimeshonwa mdomo kwa uzi mnene wa magunia, mshono wa karibu karibu, safi, kama uliofanywa na mtu asiye na haraka.

"Mchele wa Kilombero," akasema. "Kuna rafiki yangu wa biashara yuko huko huko uendako. Analia kila siku, anasema wali wa kule hauna harufu. Atakuja kukupokea uwanjani, na atakupeleka mpaka chuoni, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na lugha. Ila usikifungue. Nimekishona vizuri, punje zisije zikamwagika njiani."

"Lakini baba," Happiness akasema, "mimi hapa nimetoka kumwambia kwamba kila kitu akifunge mwenyewe. Wageni wote wanaulizwa."

"Hayo ni ya wageni. Huyu ni mwanafunzi, ana barua ya serikali." Mjomba akamgeukia Tumwagile, akamshika kichwa kwa viganja vyote viwili, kama alivyokuwa akifanya tangu alipokuwa mdogo. "Alhamisi jioni nitafika Kilosa na gari. Tutalala kwenu, Ijumaa alfajiri nakupeleka Dar mwenyewe, mpaka mlangoni. Ile treni ya mwendokasi waachie wasio na wajomba."

Tumwagile alirudi Kilosa siku ile ile, kiroba mapajani, moyo umejaa.

*

Siku ya Alhamisi asubuhi, mama yake, Filomena, alikwenda kuazima mizani kwa jirani yao Yared, mnunuzi wa mahindi. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano, na waliifunga kwenye boriti ya kibaraza. Begi la magurudumu lilipoinuliwa, mshale ukaupita uzito ulioandikwa kwenye tiketi, ukaendelea kwenda kama vile haukuwa na nia ya kurudi.

"Mizani ya Yared inaiba," akasema Filomena. "Kila mtu anajua."

"Ikiwa inaiba, mama, inawaibia wakulima. Ina maana begi ni zito kuliko hapo."

Bibi Hildegarda, mama yao Filomena na Beda, alikuwa ameketi kwenye mkeka akinyoosha magoti yake yenye maumivu. Tangu safari itajwe, alikuwa na maswali yake. Alikwisha kuuliza kama rubani akisinzia ni nani anayemshtua, na kama mtu akifia juu anazikwa katika nchi gani. Sasa akauliza, "Wenye ndege hawawezi kukuongezea kiti cha mizigo ukiwaomba kwa adabu?"

"Hawaombeki, bibi."

Hapo ndipo Tumwagile alipolisema jambo alilokuwa amelifikiria njia nzima kutoka Mikumi. Alisema atafungua kila kifurushi. Atachukua kidogo katika kila kimoja, atafunga upya kwa mikono yake, na kilichozidi kitarudi kwa wenyewe. Akiulizwa lile swali, aweze kujibu ndiyo bila kumeza mate.

Filomena alimtazama kana kwamba binti yake ametamka tusi. "Unataka nipite vipi mtaani? Nimwambie Mama Joyce kwamba mwanangu alimpekua?"

"Mwambie mwanao alitii sheria."

"Sheria, sheria! Chuo kimekufundisha sheria kikasahau kukufundisha aibu."

"Mama, nikikuta dagaa nitafurahi. Nataka tu nijue kwamba ni dagaa."

Walibishana kwa muda, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, na mwisho Filomena akasalimu amri kwa njia yake: aliingia ndani akaleta mkasi, akauweka chini mbele yake. Wakaanza. Dagaa wa Mama Joyce walikuwa dagaa. Kuku wa Chanzuru alikuwa kuku, ingawa tumboni mwake mlikuwa na chupa ndogo ya pilipili, na Bibi akacheka akasema huyo ndiye kuku wa kwanza aliyebeba mimba ya pilipili. Katika mfuko wa karanga walikuta picha ya msichana na maneno ya mapenzi nyuma yake, na hata Filomena, aliyekuwa amenuna, akaisoma mara mbili kabla ya kuirudisha. Kazi ikawa nyepesi. Tumwagile alianza kujiona mjinga kwa hofu yake. Hawa walikuwa watu wake, na vitu vyao vilikuwa hivi: pilipili, karanga, mapenzi.

Akavuta kiroba cha mjomba.

"Hicho kiache," akasema mama yake. "Hicho cha Beda."

"Ndicho kizito kuliko vyote."

"Ni mjomba wako, Tumwagile."

"Ndiyo maana hatakasirika."

Akakata uzi. Mchele ulikuwa mchele kweli, mweupe, wenye ile harufu ya Kilombero inayomfanya mtu ahisi njaa hata kama ameshiba. Akaanza kuumimina kwenye beseni. Aliingiza mkono ili autoe kwa wingi, na vidole vyake vikagusa kitu kingine. Kulikuwa na mfuko wa plastiki ndani ya mchele, umefungwa kwa gundi pande zote. Alidhani ni zawadi, labda samaki wakavu. Akaupasua kwa ncha ya mkasi.

Vilivyomwagika kwenye beseni vilitoa sauti kavu, kama vigae vidogo. Vilikuwa vya rangi ya kahawia, vingine vikubwa kama kiganja cha mtoto, vimechongoka upande mmoja, vina mistari kama ya kucha. Harufu ilikuja nyuma yake, harufu ya ngozi iliyokauka bila kuoshwa vizuri. Tumwagile alikiinua kimoja. Alikigeuza. Akili yake, iliyokuwa imefundishwa kutambua magonjwa ya majani na wadudu wa ghalani, ilikataa katakata kufanya kazi.

"Ni nini?" Filomena akauliza. "Magome ya mti? Dawa?"

Bibi Hildegarda alisogea kwa makalio juu ya mkeka, kwa sababu magoti hayakumruhusu kuinuka haraka, akafika kwenye beseni, akatia mkono. Alipoutoa, gamba moja lilikuwa kwenye kiganja chake. Kisha akasema neno moja kwa Kividunda, lugha ya kwao ya milimani ambayo Tumwagile hakuijua, na baadaye akalisema kwa Kiswahili.

"Kakakuona."

Kuku wa jirani alipita kibarazani, akadonoa punje za mchele zilizomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Nilimwona mara moja katika maisha yangu," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na gamba. "Nilikuwa msichana. Alitokea shambani kwa watu, na kijiji kizima kikaacha kazi. Wakamwekea maji kwenye bakuli, na mahindi, na jembe, ili tuone ataelekea wapi, tujue mwaka utakuwaje. Hatukuruhusiwa hata kupiga kelele. Alipokwenda kwenye maji, ishara ya mvua, mama yangu alilia kwa furaha. Halafu wazee wakamsindikiza mpaka msituni, kama mgeni." Akalirudisha gamba kwenye beseni polepole. "Hapa hakuna mmoja. Hapa kuna wengi."

Jua la Kilosa lilikuwa limekwisha kupanda juu ya paa. Tumwagile alijiona mwenyewe mbele ya meza ya uwanja wa ndege, amevaa ile blauzi aliyoshonewa kwa ajili ya safari, akitabasamu, akisema: mchele wa Kilombero, zawadi ya mjomba. Alijua, kama mtu yeyote aliyekulia jirani na hifadhi, kwamba kwa vitu hivyo watu hufungwa miaka mingi. Akaketi chini, mikono ikiwa bado na unga mweupe wa mchele, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Amedanganywa," Filomena akasema kwa haraka. "Kuna mtu amemdanganya. Beda alinunua mchele, hakujua kilichomo. Si ndiyo? Alinunua hivyo hivyo."

"Alikishona mwenyewe, mama. Aliniambia."

"Hata kama. Hata kama!"

Akapiga simu. Kaka yake alipokea, akasema anamsubiri Happiness atoke kazini ndipo waondoke, akamtania kwamba ameshindwa kusubiri nyama aliyoahidiwa. Filomena hakuyataja magamba. Akamwambia aendeshe pole pole, akakata simu, na baada ya hapo akakaa na ile simu mkononi kama mtu aliyepokea habari za msiba.

*

Gari lilifika jioni. Happiness alishuka kwanza, bado amevaa sare ya loji, akipunga kimkoba kidogo cha kuning'iniza shingoni. "Abiria! Nimekuletea cha kuwekea pasipoti! Wageni wote wanavaa hivi, wanaonekana kama mbuzi wa mnada lakini pasipoti zao haziibiwi!" Kisha akaziona nyuso zao, na akaliona beseni, lililokuwa limekaa katikati ya miguu ya Bibi Hildegarda. Mkono wake ukashuka. Kwenye ukuta wa mapokezi kazini kwake kulikuwa na bango la wanyama wanaolindwa, na alilitazama kila siku. Hakuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, mjomba," Tumwagile akasema. Ilimtoka yenyewe, kama pumzi.

Mjomba Beda hakuitikia. Alilitazama beseni, akautazama mkasi, akautazama uzi uliokatwa. Tumwagile alikuwa ameingoja saa hii tangu asubuhi, na kwa kila namna aliyoiwaza, mjomba alishtuka. Alipiga kelele, alishika kichwa, alisema nani kaniwekea. Alikuwa amemtayarishia hata nafasi ya kukana, kwa sababu alimpenda.

"Mmefungua?" mjomba akauliza. "Mzigo wa mtu, mnafungua?"

Alikuwa amekasirika. Hilo ndilo lililompiga Tumwagile kuliko magamba yenyewe. Mtu huyu aliyesimama kibarazani alikuwa amekasirika kama ambavyo Mama Joyce angekasirika kwa ajili ya dagaa wake.

"Kaka," Filomena akasema, "sema hukujua. Sema tu hivyo, tumalize."

"Nisijue nini? Mimi sijaua mnyama. Mimi sijaenda porini. Vitu hivi vinanunuliwa, vinauzwa, huko wanavifanya dawa. Ni biashara kama ya vitunguu."

"Ningefungwa, mjomba."

"Nani angekufunga?" Sasa alishusha sauti, akaifanya ile ya zamani, ya kubembeleza. "Tumwa, mwanangu, sikiliza. Mimi si mjinga. Ningempa mtu ambaye angekaguliwa? Wewe una barua ya serikali, una uso wa mtoto wa kwaya, una mchele. Nani anamfungulia mtoto kama wewe? Nilikuchagua kwa sababu wewe huwezi kutiliwa shaka."

Happiness akasogea mbele. "Baba, nilikwambia kwamba wageni wote wanaulizwa. Ulikuwa umeketi mbele yetu. Ukasema hayo ni ya wageni."

"Wewe nyamaza. Hiyo loji yako inakula kwa nani?"

"Inakula kwa wanyama," Happiness akasema, machozi yakimtoka. "Kwa wanyama walio hai."

Bibi Hildegarda alikuwa ameziweka nyayo zake pande zote mbili za beseni, na mwanawe alipopiga hatua mbele ili alichukue, aliinua kichwa tu. Beda akasimama. Alikuwa na umri wa kuwa babu, na hata hivyo alisimama kama mtoto aliyekatazwa.

"Walikuwa wangapi?" Bibi akauliza.

"Mama, mimi nimenunua tu."

"Nimekuuliza walikuwa wangapi."

Beda akageuza uso. Bibi akaachia macho yake yashuke tena kwenye beseni, na tangu hapo hakumtazama tena mwanawe.

Filomena akaingia kati yao. Alikuwa amelia, na sasa alikuwa amemaliza kulia, na alizungumza kwa haraka ya mwanamke anayeokoa vyombo nyumba ikiwaka. Alisema Beda achukue kiroba chake, akirudishe kokote alikokitoa, na neno hili lisitoke kwenye kibaraza hiki. Alisema Tumwagile atapanda treni ya alfajiri, aende zake China, asome, arudi. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna aliyekufa. Mungu amewaonya mapema, wamshukuru, wafunge begi. "Ndege yako ni kesho, mwanangu," akasema. "Kesho! Ukianza maneno ya polisi watakushikilia hapa utoe maelezo, na ile nafasi atapewa mwingine. Umeisotea miaka mitatu. Na huyu ni damu yetu. Ukimpeleka, unampeleka mtoto wa bibi yako."

Tumwagile aliyapima maneno hayo, na hakuweza kukana kwamba yalikuwa na uzito. Aliiona ile ndege ambayo hakuwahi kuikaribia, na shamba la majaribio alilokuwa amelisoma kwenye karatasi za mwaliko mpaka akalijua mistari yake. Ilikuwa rahisi. Ilihitaji tu kwamba mjomba ainue beseni, aondoke, naye anyamaze. Kwa muda mfupi, moyo wake ulikubali kabisa, na alishtuka kuona jinsi ulivyokubali bila kuumia.

"Mama Tumwa amesema vizuri," mjomba akadakia, uso ukimnyooka. "Mimi naondoka nacho, na ninaomba radhi kama nimewatisha. Wala hakitapotea. Kuna kijana wa kule Magole, naye kapata masomo, anasafiri mwezi ujao. Mtulivu sana, anaitwa Amon, mama yake namfahamu. Nitampa yeye. Wewe, Tumwa, nenda zako kwa amani, sahau."

Alisema hivyo kwa wema. Huo ndio ulikuwa mshtuko wa mwisho, nao ulimwacha Tumwagile mtulivu kwa namna iliyomshangaza mwenyewe. Mjomba wake hakuona tofauti. Alikuwa akimpa zawadi: alikuwa akimwondolea mzigo, akiupeleka kwenye mapaja ya mtoto wa mwanamke mwingine, na alitarajia ashukuriwe. Tumwagile hakumjua huyo Amon. Lakini alimjua. Naye alikuwa anajaribu begi kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, naye alikuwa na bibi mwenye maswali kuhusu rubani, naye atakuja kuletewa kiroba kilichoshonwa vizuri na mtu anayemheshimu, na kwa sababu ni mtoto wa adabu, hatakifungua.

Alisimama. Alikwenda kwa bibi yake, akapiga magoti, akasema, "Bibi, naomba." Bibi Hildegarda akaondoa mguu mmoja, kisha wa pili. Tumwagile akairudisha ile plastiki ndani ya kiroba, na magamba yote, na mchele uliochanganyika nayo, mpaka beseni likabaki tupu. Akakikunja mdomo na kukikumbatia kifuani.

"Unakwenda wapi?" Filomena akauliza, ingawa alikwisha kujua.

Mjomba Beda alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kibaraza, njia ya kutokea. Happiness alikwenda akasimama kando ya binamu yake. Tumwagile akamtazama mjomba wake usoni, kwa sababu alitaka maneno hayo amwambie yeye kwanza, na wengine wote wasikie.

"Mjomba, sikurudishii kiroba hiki. Ninakipeleka kituo cha polisi sasa hivi, na nitawaeleza kwamba ni wewe uliyenipa mchana ule nyumbani kwako Mikumi. Nitawaambia pia kuhusu Amon wa Magole, ili aonywe mapema. Wakiniruhusu kusafiri kesho, nitasafiri. Wakinizuia, nitabaki hapa mpaka nimalize kutoa maelezo."